Tukiacha Visokoto

Profesa alikuwa ameshasaini malalamiko. Mkuu wa Idara alikuwa ameshasaini barua ya kumfukuza mtuhumiwa chuoni. Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa hajaulizwa hata swali moja. Hilo ndilo lililomchemsha Inspekta asubuhi ile. Alilisoma jalada akiwa amesimama, akalifunga, akalifungua tena kama mtu anayetafuta karatasi iliyochomolewa. Hakuna iliyochomolewa. Maelezo ya binti aliyetuhumiwa hayakuwahi kuandikwa.

"Amelala hapa?" akamuuliza askari wa kaunta.

"Amelala, afande. Chuo walisema tumshike asije akaharibu ushahidi."

"Tangu lini chuo kinatoa amri kwenye kituo hiki?"

Askari akajikuta ana kazi nyingi na kalamu yake.

Wenzake walimwita Inspekta huyu wa kike Kobe, naye jina hilo halikumsumbua. Kobe hana mbio, lakini akishauma kitu, anayetaka kumtoa ndiye anayechoka. Alichukua jalada kwapani akatoka kwenye ujia, na hapo kwenye benchi akamkuta mwanamke wa makamo mwenye chupa ya chai mapajani. Chai yenyewe ilikuwa imeshapoa, maana hakuna aliyemruhusu kuiingiza ndani.

"Mwanangu, wewe ndiye mkubwa wao?"

"Si mkubwa, mama. Ni mpelelezi."

"Basi peleleza. Mimi ni mama yake mdogo. Dada yangu alipofariki alimwacha anatambaa, nikamlea. Huyo mtoto akiokota kitambaa cha mtu njiani, anakifua na kukianika kabla hajakirudisha. Leo naambiwa mwizi. Kaiba nini? Wanasema namba. Namba zinaibwaje, mwanangu? Nikihesabu moja, mbili, tatu, mwenyewe atakuja kunidai?"

"Wanasema aliingia ofisini kwa Profesa akanakili kazi yake."

"Kazi gani? Huyo Profesa ana kazi gani, kama kila nikimpigia mtoto simu naambiwa anasahihisha mitihani ya Profesa, anaandaa masomo ya Profesa, anamjibia barua Profesa? Ajibu hilo kwanza!"

Inspekta aliichukua ile chupa ya chai mwenyewe, akaingia nayo.

Binti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini aliketi wima. Alikunywa chai iliyopoa bila kulalamika. Inspekta alifungua tasnifu ya binti iliyokuwa ndani ya jalada, akakisoma kichwa cha kazi kwa sauti huku amekiwekea kidole ili kisimponyoke.

"'Visokoto katika Kohomolojia ya Kimotivu ya Nyanja za Namba, na Mahusiano ya Polilogarithimu.' Mdogo wangu, hiki kichwa au msafara?"

Binti hakucheka. "Ukiacha majina, afande, jambo lenyewe si refu."

"Basi nieleze. Mimi si wa kuelewa upesi, kwa hiyo usikimbie."

"Nina vipande. Kila kipande kina uzito wake, na kuna programu ya kompyuta inayoupima. Nikivipanga vipande fulani, hivi naongeza, hivi naondoa, uzito wote unafutana, inabaki sifuri. Mpango kama huo tunauita uhusiano. Watu wetu huutafuta huo maisha yao yote."

"Na wewe umeupata."

"Nimeupata mpya. Lakini huo peke yake si kitu cha kumpeleka mtu polisi. Shida ni kwamba ile programu ina upofu. Kuna kipande tunakiita kisokoto. Ukikiweka kwenye mashine, inakwambia uzito wake sifuri. Na chenyewe si sifuri. Kipo."

"Sifuri ambayo si sifuri."

"Ndiyo, afande."

"Hapa kituoni nimewahi kumsikia mtu aliyekutwa njiani na ng'ombe wa jirani. Alisema yeye aliokota kamba tu, hakujua upande wa pili kuna nini."

Hapo binti akacheka, kidogo, kisha akatazama ukutani. Palikuwa na kiwashio cha feni, kile cha kuzungusha, kimeandikwa sifuri mpaka tano. Kizuizi chake kilivunjika siku nyingi, kwa hiyo kilizunguka duara zima bila kukwama. Akainuka.

"Hapa sifuri, feni imesimama. Nasogeza mara moja: moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Feni ilikuwa inanguruma na karatasi za jalada zinapepea. "Nikisogeza mara ya sita?"

"Inazima."

Akasogeza, feni ikasimama. "Kisokoto ndicho hicho. Kimoja si sifuri. Viwili si sifuri. Viweke sita ndipo vinakuwa sifuri ya kweli. Mashine haioni hata kimoja, na kwa sababu haioni, wengi hawavishughulikii. Mwisho wa kila kazi wanaandika, 'tukiacha visokoto,' wamemaliza. Profesa ameandika maneno hayo tangu sijazaliwa. Mimi nilikataa kuviacha. Nilikaa nikatafuta kwa hoja, bila mashine, uhusiano wangu unadai visokoto vingapi ili sifuri yake iwe sifuri kweli."

"Ukapata?"

"Vitano."

Inspekta akachukua makala ya Profesa, ile aliyoileta kama ushahidi kwamba kazi ni yake. Akashuka mpaka mstari wa mwisho wa uhusiano. Visokoto vitano. Akageuza tasnifu ya binti. Visokoto vitano.

"Mtu mwingine akiifanya kazi hiihii, akaifanya sawasawa, naye ataandika tano?"

Binti hakukurupuka kujibu. Inspekta alilipenda hilo.

"Hapana, afande. Karibu wote wangeandika kutoa moja." Akazungusha kiwashio kutoka sifuri, hatua moja kinyumenyume. Feni ikaamka kwa kasi ya tano. "Kurudi moja na kwenda tano ni palepale. Kumi na moja nayo ni palepale. Watu huandika kutoa moja kwa kuwa ni fupi. Mimi nikihesabu kinyumenyume nachanganyikiwa. Mama mdogo ni mfumaji, alinifundisha kuhesabu vitanzi kwenda mbele tu, nikirudi nyuma ananizomea. Ndiyo maana naandika tano."

"Profesa anajua kwamba tano na kumi na moja ni kitu kimoja?"

"Aliyewahi kukaa na visokoto hata kidogo anajua. Ni kama mpishi kujua chumvi."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza Profesa."

Binti akatazama mikono yake. "Sijawahi kumwona amekaa navyo, afande."

Inspekta akaandika kila neno, akamsomea, akampa asaini. Kisha akaenda chuoni.

Alianzia chumba cha kompyuta, kwa sababu kwenye jalada kulikuwa na flashi. Profesa alidai flashi hiyo ilikutwa kwenye droo ya binti, na ndani yake lilikuwamo faili la ule uhusiano, lenye tarehe ya miezi mingi kabla ya faili la binti mwenyewe. Kama tarehe ilikuwa ya kweli, binti alikuwa amekwisha, na mama mdogo angebeba chai ile mpaka gerezani.

Fundi wa kompyuta alikuwa kijana wa maneno mengi, mpaka alipoona kitambulisho. Akachomeka flashi, akasoma, akajikuna kisogo.

"Tarehe ni hiyo, afande. Faili la Profesa ni la zamani kuliko la binti."

"Kwa hiyo Profesa anasema kweli."

"Ee... usiniandike kwanza. Tarehe ya faili inatoka kwenye saa ya kompyuta. Saa ya kompyuta ni kama saa ya ukutani. Mwenye nyumba akipanda kiti, anaisogeza anavyotaka."

"Unasema ameisogeza?"

"Sisemi hivyo! Nina watoto. Nasema tu hiyo tarehe haithibitishi kitu. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa ya kiti."

"Na flashi ilifikaje kwenye droo ya binti?"

"Flashi hii? Hii ni ya Profesa, anampa binti kila mara. Inakwenda na maswali ya mtihani, inarudi na majibu yaliyosahihishwa."

"Na ufunguo wa ofisi? Imeandikwa hapa aliingia kwa ufunguo wa siri."

Fundi akacheka kwa uchungu. "Wa siri! Alipewa na Profesa mbele yangu. Yeye ana vikao, mtu wa kufungua ofisi ni binti. Akisafiri, mtu wa kufundisha ni binti. Siri gani hiyo, afande, ya ufunguo uliobanduka rangi kwa kutumika?"

Inspekta alitoka na hasira, lakini pia mikono mitupu. Flashi ilikuwa imegeuka hewa na ufunguo umegeuka hewa. Ushahidi wa Profesa ulikuwa umekufa, ila wa binti ulikuwa haujazaliwa. Neno la profesa na neno la mwanafunzi, kwenye mizani ya watu wengi, kila mtu anajua sahani ipi inashuka. Akapiga nakala ya makala ya Profesa, ya asili akaifungia kwenye bahasha, akapanda ngazi kwenda kwa Mkuu wa Idara.

Walikuwa wanamsubiri wote wawili. Mkuu alikaa nyuma ya meza pana, mpole, mwenye miwani ya kusomea iliyosukumwa mpaka kwenye paji. Profesa alikaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu, kama mtu aliyekuja kupokea pongezi.

"Afande," Profesa akaanza, "nitajitahidi kutumia lugha nyepesi."

"Ifanye nyepesi kabisa, Profesa. Mimi ni mzito."

"Vizuri kujijua." Akatabasamu kwa Mkuu. Mkuu hakutabasamu.

"Huu uhusiano uliupataje?"

"Kwa programu yangu. Unaipa vipande vingi, inapima uzito, inajaribu kuvipanga mpaka vifutane. Ikanitolea huu."

"Wote, kama ulivyo kwenye makala?"

"Wote. Neno kwa neno, namba kwa namba."

"Pamoja na kipande hiki cha mwisho?"

"Dada yangu, nimesema wote. Wote ni wote."

Inspekta akaandika, taratibu, mpaka Profesa akaanza kutikisa mguu. "Nisaidie hapo. Washa hiyo programu, upime hicho cha mwisho peke yake."

Profesa akafungua kompyuta, akabofya kwa madaha. Akatazama kioo cha kompyuta. Akabofya tena, bila madaha.

"Imesema nini?"

"Sifuri. Ni kawaida. Ni kisokoto."

"Vikiwa viwili?"

"Sifuri."

"Vikiwa mia?"

"Sifuri, sifuri! Unataka kufika wapi?"

"Nataka kujua. Mashine inapanga vipande kwa uzito. Hiki hakina uzito, kikiwa kimoja au mia. Sasa mashine ilijuaje kwamba viwe vitano?"

Profesa akafunga kompyuta. Nje, mtu aliburuta kiti kwenye sakafu.

"Hicho..." Profesa akakohoa. "Hicho nilikiongeza mwenyewe. Kwa mkono. Kwa hoja."

"Sasa hivi umesema mashine ilitoa wote, na wote ni wote."

"Ni namna ya kusema!"

"Niandike 'namna ya kusema'?"

"Andika unachotaka!"

"Nimeandika. Sasa hiyo hoja. Kwa nini vitano?"

"Kwa sababu hesabu inadai vitano. Hisabati si mahakama yenu ya kuvutana. Tano ni tano."

Inspekta akatoa ile nakala, akaiweka mezani, akakata tano kwa kalamu nyekundu. Juu yake akaandika kumi na moja.

"Na hivi?"

Profesa aliinuka kama aliyekalia sindano. "Umeona, Mkuu? Umeona mambo haya? Kazi ya miaka, mtu ambaye hajui hata anachokishika anakuja anachorachora! Umeharibu! Ukiweka kumi na moja hapo, huo uhusiano ni uongo!"

"Uongo."

"Uongo mtupu! Mtoto wa mwaka wa kwanza angekucheka!"

"Niandike hivyo?"

"Kwa herufi kubwa!"

Inspekta akaandika kwa herufi kubwa. Akamsogezea karatasi. Profesa, akihema, akasaini kwa mstari mrefu uliotoboa karatasi. Ndipo Inspekta akageukia upande wa pili wa meza. Mkuu wa Idara alikuwa ameishusha miwani yake na alikuwa anaisafisha na ncha ya shati, ingawa haikuwa na uchafu.

"Mkuu, nimeharibu?"

Mkuu akaendelea kuisafisha miwani.

"Mkuu wa Idara, nakuuliza kama shahidi. Kumi na moja imeharibu?"

"Haijaharibu," Mkuu akasema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?" Profesa akamgeukia.

"Haijaharibu kitu. Sita ni sifuri. Kumi na moja ni tano ileile." Akairudisha miwani usoni. "Mimi mwenyewe ningeandika kutoa moja. Niliposoma ile tano, nilishangaa ni nani anaandika hivyo."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Inspekta akarudi kwa Profesa, ambaye alikuwa bado amesimama, bila pa kuweka mikono. "Sasa nina swali moja tu. Hukuipata tano kwa mashine, kwa sababu mashine haiioni. Hukuipata kwa hoja, kwa sababu hujui inavyotembea. Ulikuwa unaitazama wapi ulipoiandika?"

"Hivi vitu ni vumbi!" Profesa akafoka. "Miaka yote tunaviacha! Nani anajali visokoto?"

"Wewe. Umevitia kwenye kazi yako, ukamlaza mtu chini kwenye sakafu ya saruji kwa ajili yake."

"Ni mwanafunzi wangu! Anachokipata chini yangu ni changu! Bila mimi angekuwa nani? Mtoto wa mfuma sweta!"

Inspekta akaandika na hilo.

Mkuu akainuka, akafunga mlango uliokuwa umefungwa tayari. "Afande, tafadhali. Sisi hapa ni familia moja. Haya mambo yakitoka nje, idara nzima itachafuka. Tufanye hivi: barua ya kumfukuza naifuta, Profesa anaondoa malalamiko, binti anarudi darasani. Tunamsamehe. Yanaisha."

"Mnamsamehe."

"Kwa moyo mweupe kabisa."

"Mkuu, kabla hujasaini ile barua, uliisoma kazi ya binti?"

Mkuu akatazama meza.

"Ulisoma nini?"

"Nilisoma jina la Profesa," akasema.

Inspekta alisukuma kiti nyuma. Alikuwa amezoea wezi wa kuku wanaolia, matapeli wanaoapa, walevi wanaomtukana mama yake. Kwa hao hakuwahi kupandisha sauti. Safari hii aliipandisha, na makatibu wa ofisi ya jirani waliacha kuchapa.

"Mtu mmoja kaiba, wa pili kaona, na wote mmekuja kwangu na kalamu mkononi mkanifanya mimi ndiye mkono wenu wa kumnyonga aliyeibiwa! Halafu mnamsamehe? Chukueni makoti. Hayo maneno ya msamaha mtakwenda kumwambia mwenyewe, mbele ya mama yake."

Wakaenda. Kituoni, binti aliitwa kaunta. Mama mdogo akasimama nyuma yake, amemshika kiwiko. Mkuu akatoa barua mpya aliyoiandika harakaharaka, akaisoma kwa sauti ya mazishini: idara, baada ya kutafakari, na kwa kuzingatia huruma, imeamua kumsamehe mwanafunzi na kumrudisha masomoni.

"Mshukuru Mungu," askari wa kaunta akamnong'oneza binti. "Chukua, uondoke."

Binti aliipokea barua kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Akaisoma yote. Akairudisha mezani.

"Mkuu, samahani. Mmenisamehe kosa gani?"

"Binti yangu, tusirudi huko."

"Humu hamkuandika kosa. Hamkuandika pia kazi ni ya nani. Nikitoka na barua hii, popote nitakapokwenda mimi ni mwizi aliyehurumiwa. Sitoki."

"Mwanangu!" mama mdogo akasema.

"Sitoki, mama. Nimelala humu nikiwa mwizi wa kusingiziwa. Naweza kulala tena. Waandike kilichotokea."

Mama mdogo akamtazama, kisha akamtazama Mkuu kutoka utosini mpaka kwenye viatu. "Umemsikia. Andika. Kama kalamu imekuishia, nitakununulia."

Mkuu akaomba karatasi. Aliandika amesimama, kwa mkono uliokuwa mzito kuliko wa mtoto wa darasa la kwanza: kwamba uhusiano ule, pamoja na visokoto vyake vitano, ni kazi ya binti peke yake, kwamba Profesa aliuchukua, kwamba yeye, Mkuu wa Idara, alimfukuza mtu bila kusoma. Binti alisoma, akaomba neno "aliuchukua" libadilishwe. Mkuu akatazama dari, akakata, akaandika "aliuiba."

Profesa tayari alikuwa amegeukia mlango. "Basi. Yameisha. Nina kikao."

"Profesa," Inspekta akaita. Alikuwa ameshafungua jalada jipya. "Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Umesaini mara mbili, malalamiko yale ya kwanza na maelezo ya leo. Simu weka hapa. Vua mkanda na viatu."

"Mimi?"

"Wewe," askari wa kaunta akamwamuru Profesa kwa kidole, ghafla amepata nguvu zake zote, "hukusikia? Mkanda!"

Alivua. Suruali ikamlegea, akaishika kwa mkono mmoja. Ujia wa kwenda nyuma ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja mmoja, na binti alikuwa amesimama katikati yake akimngojea mama mdogo akusanye chupa yake. Alimwona Profesa anakuja, soksi sakafuni. Akajibana ukutani akampisha, kama mwanafunzi anavyompisha mwalimu wake.

Ila hakumwamkia.